Ni Nani Amthibitishaye Tabibu? Historia ya Mafunzo ya Umahiri katika Elimu ya Udaktari

Utangulizi

Mwaka 931 mtu mmoja mjini Baghdad alikufa kwa sababu ya kosa la tabibu aliyemtibu. Khalifa al-Muqtadir alipopata habari hiyo alitoa amri kwamba asiwepo mtu wa kutibu wagonjwa katika mji ule mpaka awe amepimwa na tabibu mkuu, Sinan ibn Thabit, na kupewa hati yenye kutaja kazi anazoruhusiwa kuzifanya. Waandishi wa historia wa Kiarabu wanasimulia kwamba waliofika kupimwa walizidi 860, mbali na wale ambao sifa zao zilikwisha kujulikana. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja mwenye mavazi mazuri na haiba, ambaye Sinan alimketisha karibu naye akitaraji kusikia elimu kutoka kinywani mwake. Watu walipopungua, mzee alitoa dinari zilizofungwa katika karatasi akaziweka mbele ya mpimaji wake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, ila ana jamaa ya kulisha. Sinan alicheka. Akamwacha aendelee na kazi, kwa sharti kwamba asimtibu mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujui, wala asimtoe mtu damu au kumpa dawa kali ya kuharisha isipokuwa kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba huo ndio uliokuwa mwenendo wake siku zote.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo elimu ya udaktari imeendelea kuhangaika nayo: mgonjwa aliyekufa, mamlaka inayodai uthibitisho, mpimaji mwenye watu wengi kuliko muda alio nao, na hati. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi vyuo vya udaktari vilivyojaribu, zama kwa zama, kumtayarisha mwanafunzi kwa kazi ya kitandani pa mgonjwa na kuthibitisha kwamba kweli ameiweza. Sisi si madaktari. Tunaandika kama watu wafundishao wachungaji, ambao kwa sababu ya kazi yao hupita wodini karibu kila juma. Na apitaye wodini hujifunza upesi kwamba mgonjwa hulipa sehemu ya karo ya kila daktari.

Jina litumikalo sasa ni mafunzo ya umahiri. Ndugu zetu wa Kenya husema umilisi. Maana yake si ngumu. Chuo huanza kwa kuuliza: mtu huyu akiwa zamu peke yake usiku katika hospitali ya wilaya, atatakiwa aweze kufanya nini? Majibu huandikwa waziwazi, mafunzo hupangwa kuyaelekea majibu hayo, na mwanafunzi hahesabiwi kuwa amefika mpaka aonekane akifanya. Miaka aliyokaa chuoni haimthibitishi, wala alama za karatasi pekee hazitoshi. Aliyekaa karibu na mafundi wa Pwani hatashangaa kusikia hayo. Mwanagenzi wa useremala hakufuzu kwa kuhesabu miezi. Alifuzu siku ambayo fundi wake alimwachia mlango autengeneze mwenyewe, na mlango ukafunga.

Kutoka darasani hadi kitandani

Kwa karne nyingi vyuo vikuu vya Ulaya vilimfundisha tabibu kwa kumsomea vitabu. Mwanafunzi aliweza kuhitimu akiwa na maneno mengi ya kale kichwani, na mikono ambayo haijamgusa mgonjwa. Badiliko lilianza Padua, Italia, katika miaka ya 1540, ambako Giovanni Battista da Monte alizoea kuwachukua wanafunzi wake mpaka hospitali ya Mtakatifu Francis na kuwafundisha mbele ya wagonjwa wenyewe. Leiden, Uholanzi, ilifuata mwaka 1636. Huko Herman Boerhaave, aliyeanza kufundisha wodini mwaka 1714, alipata sifa Ulaya nzima akiwa na vitanda 12 tu, sita vya wanaume na sita vya wanawake. Wanafunzi wake waliipeleka namna hiyo ya kufundisha Edinburgh na Vienna. Idadi ile ya vitanda yafaa ikumbukwe, maana tutairudia.

Mjini Paris mambo yalikuwa makubwa zaidi. Sheria ya Desemba 1794 iliunda shule mpya za afya katika Paris, Montpellier na Strasbourg, kwa wazo kwamba mwanafunzi asome kidogo, aone mengi na atende mengi. Hospitali za Paris zilikuwa na maelfu ya wagonjwa, na wanafunzi walimiminika kutoka nchi nyingi. Ni katika mji huo, katika hospitali ya Necker, mwaka 1816, ambako René Laennec aliviringisha karatasi akaiweka kifuani mwa mwanamke mgonjwa na kusikia mapigo ya moyo wazi kuliko alivyowahi kuyasikia. Ndiyo asili ya kile chombo ambacho leo kila mwanafunzi wa udaktari hukivaa shingoni hata akiwa mkahawani.

Walakini hapa pana jambo ambalo historia nyingi za udaktari hulipita haraka. Wagonjwa wa Paris waliofundishiwa walikuwa maskini. Mwenye mali alitibiwa nyumbani kwake na hakuguswa na mwanafunzi. Maskini alilazwa hospitali, akapimwa na kila aliyetaka kujifunza, na akifa mwili wake ulipasuliwa ili ijulikane kama walichokisikia kifuani kilikuwa kweli. Elimu iliyopatikana hivyo ni kubwa, nasi sote tunaifaidi tunapougua. Lakini hatuoni kwamba deni lile limekwisha kulipwa. Yeyote aandikaye juu ya mafunzo ya vitendo bila kuuliza ni mwili wa nani unaotumika ameandika nusu ya habari.

Marekani iliyachukua mafundisho hayo kwa kuchelewa, kisha ikayapa utaratibu. Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore ilifunguliwa mwaka 1889 na shule yake ya udaktari mwaka 1893, ikipokea wanawake pamoja na wanaume tangu mwanzo. William Osler, profesa wake wa tiba, hakutaka wanafunzi wawe watazamaji. Kila mmoja alikabidhiwa wagonjwa wake: aliandika historia ya ugonjwa, alipima mkojo na damu, alitoa taarifa wakati wa raundi, na alitakiwa kuyajibu maswali ya mwalimu palepale kitandani. Osler, aliyeondoka kwenda Oxford mwaka 1905, alipenda akumbukwe kwa jambo moja tu, kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini.

Shule kama ile zilikuwa chache. Mwaka 1910 ilitolewa ripoti ya Abraham Flexner, ambaye hakuwa daktari bali mwalimu wa shule, aliyetumwa na taasisi ya Carnegie kuzikagua shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada. Alikuta shule zisizo na maabara, zisizo na hospitali, ambazo wenyewe walikusanya karo, wakatoa mihadhara, na kugawa vyeti. Baada ya ripoti hiyo nyingi zilifungwa, na hapana anayezililia zile zilizokuwa duka. Hata hivyo fagio lilifagia na vingine. Kati ya shule saba zilizowafundisha Wamarekani Weusi, Flexner alipendekeza mbili tu zidumishwe, Howard na Meharry. Nyingine tano zilifungwa katika miaka iliyofuata, na jamii zilizozitegemea zilibaki bila madaktari wao. Tena ripoti ile iliimarisha utaratibu ambao uliigwa duniani kote: miaka ya mwanzo ya sayansi darasani, kisha miaka ya wodini. Ulikuwa utaratibu mzuri, lakini taratibu ulizaa mazoea ya kuhesabu miaka na masomo, kana kwamba aliyekaa muda wote amekwisha kuweza yote.

Kwa faida ya wasomaji wa jarida hili tutaje, kwa kupita tu, kwamba na sisi tulikopa kutoka wodi zilezile. Mwaka 1925 daktari Richard Cabot wa Boston aliandika akiwataka wanafunzi wa theolojia wapewe mwaka mmoja wa mafunzo kati ya wagonjwa, kama wanafunzi wa udaktari wapewavyo. Mwaka huohuo mchungaji Anton Boisen aliwapokea wanafunzi wa kwanza katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, Massachusetts. Mafunzo ya uchungaji hospitalini tunayowapa wanafunzi wetu yana asili hiyo.

Mtihani na bahati

Kufikia katikati ya karne ya ishirini, mwanafunzi alipelekwa wodini, lakini je, nani alimwona akifanya kazi? Mtihani wa zamani wa wodini ulikuwa hivi: mtahiniwa alipewa mgonjwa mmoja, akaachwa naye kwa muda wa saa moja hivi, kisha akaja mbele ya watahini kueleza alichokipata. Watahini walisikia maelezo yake. Aghalabu hawakumwona akipima. Aliyepewa mgonjwa msemaji, mwenye ugonjwa wa wazi, alipita. Aliyepewa bibi kiziwi mwenye maradhi matatu kwa pamoja, mbele ya mtahini aliyeamka vibaya, alirudi mwakani. Madaktari wazee watuhadithiapo mitihani yao hucheka sana, lakini hucheka kama watu waliovuka mto wenye mamba.

Majaribio mawili yaliubadilisha mtihani huo. La kwanza lilifanyika mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Southern California, ambako Howard Barrows alimfundisha mwanamke mwenye afya njema kuigiza dalili za ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ili kila mwanafunzi akutane na mgonjwa yuleyule, mwenye malalamiko yaleyale, tena anayeweza kueleza baadaye jinsi alivyotendewa. Wenzake wengine walimdhihaki kwa kuleta sinema katika udaktari. La pili lilitoka Dundee, Uskoti, ambako Ronald Harden na wenzake walitangaza mwaka 1975 mtihani wa vituo. Wanafunzi huzunguka kutoka kituo hadi kituo kengele inapolia. Hapa anapima shinikizo la damu, pale anaeleza matumizi ya dawa, kwingine anasoma picha ya eksirei. Na katika vituo vya vitendo yuko mtahini mwenye orodha mkononi, akimtazama. Wote hupita vituo vilevile. Bahati ilipunguzwa sana.

Mwaka 1990 George Miller wa Chicago aliyaweka mambo haya katika ngazi nne ambazo sasa hufundishwa kila mahali. Chini kabisa ni kujua. Juu yake ni kujua namna ya kufanya. Juu yake ni kuonyesha kwamba waweza. Na kileleni ni kufanya kweli katika kazi ya kila siku. Mtihani wa karatasi hufika ngazi ya kwanza na ya pili. Mtihani wa vituo hufika ya tatu. Ngazi ya nne ni ile ya usiku wa manane, wakati muuguzi amekuja kumwamsha daktari mara ya tatu na hakuna mtahini chumbani.

Miller huyohuyo alikuwa mmoja wa waandishi wanne, pamoja na William McGaghie, wa kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1978 juu ya mtaala wa udaktari unaojengwa juu ya umahiri. Mwaka huo usitupite. Ndio mwaka wa mkutano wa Alma-Ata juu ya huduma ya afya ya msingi. Hoja ya kitabu ilikuwa kwamba mtaala usianzie katika yale ambayo maprofesa wanapenda kuyafundisha, bali katika maradhi ambayo watu wa nchi ile wanaugua, na kazi ambazo daktari wa nchi ile atazikuta. Baadaye wazo hilo lilistawi zaidi katika nchi tajiri: Kanada ilitoa mpango wake wa wajibu saba za daktari mwaka 1996, na Marekani ilitaja umahiri wa aina sita mwaka 1999. Hivyo wengi wetu hudhani ni mgeni kutoka Ulaya na Marekani. Asili yake ilikuwa imetazama zahanati za nchi kama yetu.

Nchini kwetu

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kikuu kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991, na chuo kikuu kamili mwaka 2007. Lakini kwa hesabu ile ya watu 12, nchi haikuweza kuwangoja wahitimu wa chuo kikuu. Tangu miaka ya 1960 matabibu wenye uzoefu wa kazi walichukuliwa na kufundishwa miaka miwili kuwa madaktari wasaidizi, na hao ndio waliowapasua akina mama waliokwama katika uzazi katika hospitali nyingi za wilaya na za misheni. Hawakuwa na shahada. Walifundishwa kazi mahususi, wakaonwa wakizifanya, wakaachiwa. Utafiti uliofanywa katika hospitali za wilaya za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wao wa dharura wa uzazi na ule wa madaktari wenye shahada, na haukukuta tofauti ya maana katika matokeo. Umahiri ulikuwapo nchini kabla ya jina lake. Ulikaa kwa watu ambao madaktari wenzao waliwaita wasaidizi.

Jina lenyewe lilifika chuoni Muhimbili kwa kazi ya miaka kadhaa. Kati ya mwaka 2008 na 2011 walimu wa huko, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, waliwauliza wahitimu na waajiri ni nini walichokipungukiwa kazini, kisha wakaiandika upya mitaala ya shule zote za chuo, udaktari, meno, famasia, uuguzi na afya ya jamii. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2011. KCMC ya Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za shirika la Msamaria Mwema, ilikuwa imeanzisha chuo chake cha udaktari mwaka 1997, kikiwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini cha kanisa letu. Miaka ishirini hivi baadaye chuo hicho, Muhimbili na Bugando ya Mwanza viliketi pamoja kuoanisha mtaala wa umahiri, ili daktari wa Moshi na wa Mwanza wapimwe kwa kipimo kimoja.

Sasa turudi kwenye vitanda 12 vya Boerhaave. Mafunzo ya umahiri yanasimama juu ya tendo moja, yaani mwalimu kumtazama mwanafunzi mmoja akiwa na mgonjwa mmoja, na kumwambia alilolifanya vema na alilolikosea. Katika miaka ya karibuni idadi ya wanafunzi wa udaktari nchini imepanda sana, kwa sababu njema, maana wagonjwa ni wengi na madaktari ni wachache; lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri ileile, na mwalimu huyohuyo ana kliniki, ana chumba cha upasuaji, na ana mihadhara. Hakuna mtaala, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani, unaoweza kumwongezea mwalimu saa katika siku. Yule asiyepata nafasi ya kutazama hubakiwa na kalamu. Daftari la mazoezi linaletwa mwisho wa juma, lina mistari ishirini ya kutiwa sahihi, na sahihi inatiwa. Hapo tumerudi Baghdad, mbele ya yule mzee na karatasi yake, ila safari hii bila dinari.

Mwaka 2005 Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alipendekeza namna nyingine ya kuuliza, nasi twaona inasikika vizuri zaidi katika Kiswahili kuliko katika lugha aliyoiandikia. Badala ya kuuliza mwanafunzi anajua nini, mwalimu ajiulize: kazi hii naweza kumkabidhi? Kwanza atazame tu; kisha afanye nikiwa chumbani; kisha afanye nikiwa karibu na kuitika nikiitwa; kisha afanye peke yake; mwishowe awasimamie wengine. Sisi tunalo neno amana. Anayekabidhi amana hawezi kusema hakumjua aliyemkabidhi.

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumwona mzee mmoja wa usharika, aliyelazwa katika hospitali kubwa kwa uvimbe wa tumbo. Tulifika wakati wa mafunzo. Wanafunzi walikizunguka kitanda, tulihesabu 14, na mwalimu alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji. Walimpima tumbo kwa zamu. Kwa wa sita mzee alitugeukia akauliza kwa sauti ndogo, "Mchungaji, wote hawa watanibonyeza?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimshika mkono mpaka walipomaliza. Alipopona na kurudi nyumbani tulimtembelea tena, akatuhadithia habari za wodi ile. Jina la daktari bingwa hakulikumbuka, lakini alimkumbuka kijana mmoja mrefu, wa tisa au wa kumi, ambaye aliomba ruhusa, akavisugua viganja vyake vikapata joto, kisha akaanza kwa kumuuliza ni wapi panapouma ili aende huko mwisho.

Kijana huyo tulikuja kumfahamu baadaye, maana alihudhuria ibada za wanafunzi. Tulipomsimulia maneno ya mzee alifurahi, kisha akacheka kwa aibu kidogo. Alisema kwamba katika daftari lake la mazoezi kupima tumbo kulikuwa kumekwisha kutiwa sahihi majuma mawili kabla ya siku ile, na kwamba mzee wetu ndiye aliyekuwa mgonjwa wake wa kwanza.